Mwezi Ambao Mjukuu Wangu Alikosa Somo la Obitali

Niliteleza kwenye gome bichi la mgomba, mbele ya nyumba yangu mwenyewe huku Ihanda, asubuhi baada ya mvua. Hakuna aliyenituma. Wanangu walikuwa wameniambia mara nyingi kwamba mzee wa umri wangu hakati mkungu. Anaonyesha kwa fimbo na vijana wanakata. Lakini siku ile mchungaji alikuwa anapita kuwaona wazee wa usharika, na mimi niliyekuwa mwinjilisti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilitaka ale ndizi zilizokatwa kwa mkono wangu. Mkungu ulianguka upande wake, mimi nikaanguka upande wangu. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Nina mengi ya kumshukuru Mungu katika jambo lile. Jirani alinisikia. Pikipiki ilipatikana, hospitali haikuwa mbali sana, na mfupa haukutoboa ngozi. Mchungaji naye alizila zile ndizi kwa jirani, kisha akaja wodini kuniambia zilikuwa laini kweli. Nilimshukuru, ingawa kwa taabu kidogo.

Mke wangu amekwisha kutangulia. Mwanangu wa kiume anafanya kazi mbali, na binti yake nimekaa naye tangu alipoanza darasa la kwanza. Wakati ule mjukuu huyo alikuwa kidato cha tano, katika shule ya bweni, akisoma fizikia, kemia na baiolojia kwa sababu anataka kuwa mfamasia. Nina binti pia, ameolewa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, na mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka la mabati na misumari. Babu zake mkwe wangu walitoka pwani na mitumba yao ya nguo, wakabaki.

Binti yangu alikuwa wa kwanza kufika hospitali. Hata hakukaa.

"Baba, wakikuruhusu unakuja kwangu."

"Mwanamume halali kwa mkwe wake," nikamjibu. "Unajua."

"Najua. Mkwe mwenyewe ndiye aliyenituma."

"Ni muungwana. Msalimie."

"Baba, ni wewe uliyesimama madhabahuni ukasema mila isiyo na upendo tuiweke chini."

"Nilikuwa na miguu miwili siku hiyo," nikasema, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, nami nikajiona nimeshinda.

Ni kweli kwetu mzee haendi kuishi kwenye mji wa mume wa binti yake. Ni aibu, ni kama kutangaza kwamba huna ukoo. Lakini mila ile niliishika siku ile kama mtu anavyoshika mwavuli wakati hakuna mvua wala jua. Sababu niliyoificha ilikuwa nyingine. Sikutaka wazee wenzangu wa usharika waulize mwinjilisti yuko wapi, wajibiwe kwamba amelala katika nyumba ambamo jioni hauimbwi wimbo wetu hata mmoja. Binti alipoolewa nilitoa baraka yangu mbele za watu. Kumbe baraka yenyewe niliiacha mlangoni kwao. Mimi sikuwahi kuingia ndani.

Kwa hiyo mjukuu aliomba ruhusa shuleni akaja kuniuguza. Alisema ni siku chache. Ikawa mwezi.

Alifanya kila kitu. Alichota maji, akamenya ndizi, akanishika mkono kwenda uani, akaniletea beseni bila kukunja uso. Jioni aliketi mlangoni pa jiko, kisu mkononi, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Rafiki yake aliazima simu ya matroni wa bweni, akawa anampigia picha yaliyoandikwa ubaoni na kumtumia. Kitanda changu kilikuwa kimesogezwa sebuleni, na mlango wa nyuma ukiwa wazi nilimwona na kumsikia akinong'ona maneno yaleyale.

"Unasali au unasoma?" nikamwuliza.

"Nasoma, babu. Ningekuwa nasali ningekuwa nimeshajibiwa."

"Umekwama wapi?"

"Hapa penyewe. Rafiki yangu anatuma picha ya ubao, lakini mwalimu hayumo kwenye picha."

"Basi nieleze mimi."

"Wewe? Kemia?"

"Nimewaeleza wakulima Utatu Mtakatifu wakaelewa."

"Walielewa, au walichoka?"

Hata hivyo alinieleza. Masomo yao ni ya Kiingereza, na ilimbidi ayahamishie kwenye Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia akaingia Kinyambo. Aliniambia kwamba walipokuwa wadogo walifundishwa kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomu kwenye njia yake, kama mwendesha bodaboda anayezunguka kituo akitafuta abiria. Sasa wameambiwa hakuna njia. Kuna wingu tu.

"Na elektroni yenyewe iko wapi?"

"Popote ndani ya wingu. Penye wingu zito kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta, penye wingu jepesi uwezekano ni mdogo." Akageuka akanyoosha kisu kuelekea jikoni. "Tazama moshi. Ukiniuliza uko wapi, nitasema uko jikoni. Lakini juu ya mafiga ni mzito, mlangoni ni mwepesi, na kule kwenye migomba unausikia puani tu. Umbo la ule moshi ndilo wanaloliita obitali."

Nilimwambia hapo nimeelewa. Sikumdanganya.

Obitali nyingine, akasema, ni duara kama chungwa, kiini katikati. Nyingine zina umbo la vibuyu viwili vilivyogusana midomo, kiini pale midomo inapokutana. Akaniuliza kama tulikuwa na vibuyu nyumbani. Nikamkumbusha kwamba hii ni nyumba ya mwinjilisti, hatukuwahi kuweka vibuyu vya pombe ya ndizi. "Ndiyo maana kemia inanisumbua," akasema. Akachukua ndizi mbili zilizomenywa akaziunganisha ncha kwa ncha, akanionyesha.

Kisha akafika kwenye jambo lenyewe, yaani namna atomu mbili zinavyoungana. Atomu moja ikisogelea nyingine, mawingu yao huanza kufunikana. Sehemu ya wingu la hii huingia kwenye sehemu ya wingu la ile, na pale katikati wingu huwa zito kuliko kote. Elektroni mbili, moja ya huku na moja ya kule, hukaa zaidi pale, na viini vyote viwili huzivuta kwa pamoja. Kule kuvutwa pamoja ndiko kunakozishika atomu zisiachane. Zikisogea karibu kupita kiasi viini husukumana. Zikikaa mbali mawingu hayafikiani. Yakifunikana ncha kwa ncha muungano huwa na nguvu zaidi. Yakifunikana ubavu kwa ubavu, kama ndizi mbili zilizolazwa sambamba, muungano huwa dhaifu kidogo.

Alisema haya yote polepole, na alipomaliza akatikisa kichwa. "Naweza kuyasema, lakini siyaoni. Mtihani ukibadilisha swali, nitapotea."

Nilijua maana ya kupotea. Alikuwa ameniambia mwenyewe, bila kulalamika, kwamba wanaoshindwa mtihani wa kemia wa katikati ya muhula huhamishiwa masomo ya historia na lugha. Masomo hayo si mabaya. Mimi mwenyewe ningeyapenda. Lakini hayamfikishi kwenye famasia. Nililala pale na mguu wangu mzito kama gogo, nikatamani nimpe kitu.

Nikampa kahawa.

Katika nchi yetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa. Kila tunda lina punje mbili zilizolala uso kwa uso ndani ya ganda moja. Zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walipasua tunda moja. Kila mmoja alichanja ngozi karibu na kitovu, akaloweka punje yake kwenye damu yake, akaiweka kiganjani, na mwenzake akaichukua kwa midomo akaimeza. Tangu siku hiyo hawakuweza kunyimana kitu wala kusalitiana. Baba yangu alikuwa na ndugu wa namna hiyo upande wa Kanoni, na alipokufa mtu yule alikuja kulia kuliko baba zangu wadogo. Kanisa halikuipenda desturi ile, na mimi sikuifundisha kamwe. Lakini jioni ile niliitoa.

"Basi ni hivyo," nikamwambia mjukuu. "Atomu mbili ni watu wawili. Elektroni ni punje. Punje yangu nakupa wewe, yako unanipa mimi. Yangu ikiwa tumboni mwako na yako tumboni mwangu, tutaachana vipi?"

Aliacha kumenya. "Babu," akasema, "hapo naona."

Akanifanya nirudie. Usiku nilimsikia akimweleza rafiki yake kwenye simu, anacheka. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianguke, maana niliona nimelipa angalau sehemu ya mwezi wake.

Alirudi shuleni nilipoanza kutumia magongo, akafanya mtihani. Jirani yangu mjane alikubali kuniangalia mchana. Wiki mbili baadaye simu iliita, namba ya matroni wa bweni.

"Babu, shikamoo. Umenifelisha na kahawa yako."

Alikuwa anacheka, nami nikacheka, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kisha kicheko chake kikakatika, na nikatambua kwamba kilikuwa cha kunisaidia mimi.

"Wanakuhamisha?"

"Bado. Wanasema Jumatatu watatupanga." Akavuta pumzi. "Usijali, babu. Historia nayo ina hadithi. Mguu unaendeleaje?"

Dhambi najua pa kuipeleka. Nimefundishwa tangu utoto, nami nimewafundisha wengine: unaitaja kwa jina lake, unaiweka mbele za Mungu, unapokea msamaha, unainuka. Lakini hili halikuwa na jina. Kila mtu aliniambia sina kosa. Mguu ulivunjika wenyewe, mtoto alikuja kwa mapenzi yake, kahawa ilikuwa mfano tu. Nilipopiga magoti kwa goti moja nilikosa sentensi ya kuanzia.

Jumatatu asubuhi nilimwita dereva wa bodaboda anayenijua, akafunga magongo yangu ubavuni kwa kamba ya mpira, tukaenda. Mwalimu wa kemia alikuwa dada mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Aliniamkia, akanivutia kiti kivulini nje ya maabara, akasubiri nipumue.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kukiri. Ule mfano wa kahawa kwenye mtihani ni wangu. Mtoto amesema uongo wangu, si wake."

Alitabasamu. "Kumbe ni wewe, mzee. Mimi si mwenyeji wa huku, nililazimika kuuliza walimu wenzangu kuchanjiana na kahawa ni kitu gani."

"Nilikosea wapi?"

"Kwenye kumeza," akasema. "Ukinipa yako nami nikakupa yangu, kila mtu anaondoka na cha mwenzake. Hapo ni kubadilishana. Mimi nilikuwa nataka aseme kwamba hakuna anayeondoka na kitu. Elektroni zote mbili zinabaki katikati, pale mawingu yanapofunikana, ni za wote wawili kwa wakati uleule. Kama punje zilivyokuwa kabla hamjapasua tunda."

Nilikuwa nimelishika tunda lile maisha yangu yote na nikaanzia hadithi pale linapovunjwa.

"Basi nipe adhabu mimi," nikasema. "Mrudishie alama zake."

Akaacha kutabasamu. "Mzee, nikuambie ukweli? Mfano wako ulimnyima alama chache sana. Hizo hata zingekuwepo, asingefaulu. Alikosa maswali mengine matano ambayo hayana kahawa ndani yake. Alikosa kwa sababu hakuwepo nilipofundisha. Mtoto ana akili. Alikosa mwezi tu."

Nilikuwa nimekuja na kosa dogo la kukiri, jepesi kulibeba, lenye mapambo ya mila. Mwalimu alilipokea kwa heshima akaliweka pembeni, akanionyesha lile kubwa lililokuwa nyuma yake.

"Hakuna njia?" nikauliza.

"Ipo. Leo tumeamua walioshindwa warudie mtihani mwisho wa muhula, ndipo wapangwe. Likizo fupi nabaki hapa nawafundisha. Yeye amekataa kubaki."

"Amekataa? Kwa nini?"

"Anasema lazima aende nyumbani, ana mgonjwa."

Nilitazama plasta yangu, naye akaitazama. Kisha nikamwomba aandike jina la mjukuu kwenye masomo yale ya likizo.

Mjukuu aliitwa. Alikuja mbio, akapunguza mwendo aliponiona.

"Babu, umekuja kupigana?"

"Nimeshapigwa tayari. Sikiliza. Likizo unabaki hapa."

"Na wewe? Jirani anaenda kuvuna kahawa yake."

"Mimi naenda Nkwenda."

Alinitazama sana. "Kwa mkwe wako?"

"Kwa binti yangu," nikasema. Kisha nikaona aibu, nikasema vizuri: "Kwa mkwe wangu, ndiyo."

Mkwe mwenyewe alikuja kunichukua, kwa gari aliloazima kwa mnunuzi wa mahindi. Aliniita baba, akabeba sanduku langu, akaweka Biblia yangu juu ya vitu vyote bila kuambiwa. Walinipeleka kwenye chumba cha nyuma ya duka. Kitanda kilikuwa kimekatwa miguu kiwe kifupi, nisihangaike kupanda. Choo kilikuwa na kishikio kipya cha bomba ukutani. Nikamwambia binti yangu wasingejisumbua hivi kwa haraka.

"Haraka ipi, baba? Mume wangu alivifanya wiki uliyoanguka. Nilipotoka hospitali nikamwambia umekataa, akasema tusivunje, huenda ukabadili mawazo."

Nikaomba maji ya kunywa ili nipate kitu cha kufanya.

Siku zilipita vizuri, na huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Ningeteseka mle ndani ningesema: naam, nililipa. Lakini nililishwa, nilioshwa mguu na wajukuu wa nyumba ile, na jioni mkwe aliporudi msikitini aliketi mlangoni pangu akaniuliza habari za ukoo wetu, na mara moja akaniomba nimsomee Zaburi niipendayo kwa sababu binti yangu alimwambia naisoma vizuri. Wazee wa usharika walikuja kuniona. Hakuna aliyeuliza nililoliogopa. Walikunywa chai ya tangawizi, mmoja akauliza bei ya mabati. Lile ambalo kwa ajili yake nilimwacha mtoto akose mwezi wa masomo halikuwepo kabisa.

Mwisho wa muhula mjukuu alikuja Nkwenda moja kwa moja kutoka shuleni, na begi lake mgongoni. Alisimama mlangoni pa chumba changu.

"Nimebaki kwenye kemia," akasema. "Kwa alama tatu. Mwalimu anasema nisitembee nikijisifu."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kinyambo, kama mama yangu alivyokuwa anashukuru. Binti yangu akapiga kigelegele dukani mpaka wateja wakauliza nani amejifungua. Mjukuu akavua viatu akakaa sakafuni karibu na kitanda, akaanza kula karanga zangu.

Nilingoja mpaka tuwe peke yetu. Nikamwambia kwamba nina neno, na kwamba asinijibu kwa utani. Nikamwambia kitanda hiki kilikuwa tayari tangu wiki ile, na kwamba shangazi yake aliniita nikakataa, na kwamba mila niliyoitaja haikuwa sababu. Nikaitaja sababu. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Hakushtuka. Aliendelea kumenya karanga moja mpaka ngozi yote ikatoka.

"Nilijua, babu," akasema. "Shangazi alinipigia simu siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, 'Nenda shule, mimi nitakwenda kwao.' Kila jioni nilikuwa nasubiri."

"Kila jioni?"

"Wiki za mwanzo. Nilikasirika sana. Ndiyo maana nilikuwa nanong'ona masomo pale mlangoni pa jiko, ili unisikie. Halafu nikazoea."

Nilikuwa nimedhani ananong'ona kwa sababu ya ugumu wa somo.

"Nisamehe," nikasema.

Alifikiri. Nilishukuru kwamba alifikiri. Kwa muda wote ule watu walikuwa wananiambia si kitu kabla sijamaliza kusema.

"Nitakusamehe," akasema. "Bado kidogo tu. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

Akaninyooshea kiganja chenye karanga alizomenya. Nikachukua, nikatafuna taratibu, naye akaanza kunieleza nitrojeni, ambayo atomu zake mbili zinashikana mara tatu, na kwa nini ni kazi ngumu sana kuziachanisha.